Hobi Aliyoiacha Nyumbani

Mzee Magembe wa Gwata hakuwa mwongo. Nalisema hili mapema kwa sababu jambo la kwanza mtakalomsikia akilitamka ni uongo, na sitaki mmwelewe vibaya. Katika miaka yake sitini na mitatu alikuwa amedanganya mara chache tu, karibu zote akiwa mbele ya bwana mifugo aliyetaka kujua idadi ya ng'ombe wake, na kwa mfugaji wa Kisukuma huo hauitwi uongo. Kusema idadi ya ng'ombe hadharani ni kuwavua nguo.

Siku hiyo alikuwa Vihingo, Kisarawe, kwa binti yake Kabula aliyeolewa huko. Mtoto wa Kabula alibatizwa asubuhi, na mchana watu walikuwa chini ya turubai wakila pilau. Mzee Magembe alivaa kaunda suti yake ya rangi ya udongo, ambayo hutoka sandukuni kwa harusi, msiba na kesi. Kwa bahati ambayo Kabula aliipanga kwa siku tatu nzima, kiti pekee kilichobaki wazi kilikuwa jirani na Stellamaris, shangazi wa mume wake.

Watu wengi humwita Stellamaris Mama Evaline. Ni muuguzi mstaafu, mjane, mzaliwa wa Karagwe aliyejenga Mbwawa, na anauliza maswali kama mtu anayekupima presha: anauliza, kisha ananyamaza akisubiri isome. Mzee Magembe naye alikuwa mgane wa mwaka wa nne. Walikuwa wameonana mara mbili kabla ya hapo, kwenye kutoa mahari na kwenye harusi, na mara ya pili alirudi Gwata hali chakula. Alikuwa amempenda. Naliweka wazi mimi kwa sababu mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu, na hata akilini mwake alikuwa analipitia kwa pembeni.

"Baba Kabula," Stellamaris akasema akifuta vidole, "hivi hobi yako ni nini?"

Mzee Magembe aliishia darasa la nne, na neno hilo halikuwa limefika. Alitafuna polepole ili apate muda. Hobi. Ilisikika kama kitu ambacho mtu mzima mwenye heshima zake anatakiwa awe nacho, kama kitambulisho cha taifa au bima ya afya. Akikiri hana, ataonekana mtu wa porini. Akisema anayo, huenda akaambiwa aitoe.

"Ninayo," akajibu. "Ila nimeiacha nyumbani."

Stellamaris akaacha kufuta vidole. "Umeiacha na nani?"

"Na jirani. Ananiangalizia."

"Ni kubwa?"

"Ya kawaida tu."

Stellamaris akamtazama muda mrefu, akitafuta dalili za utani usoni pake, lakini uso wa Mzee Magembe haukuwa na dalili yoyote isipokuwa punje moja ya wali. "Haya," akasema. "Jumamosi nitakuwa Mlandizi. Nitapita Gwata niione."

Kabula alikuwa amesikia yote. Alimvuta baba yake hadi nyuma ya jiko la kuni, akamshika mkono wa kaunda suti.

"Baba, umefanya nini? Unajua kwa nini shangazi anauliza hilo? Marehemu mumewe alistaafu hana hobi hata moja. Siku iliyofuata akahamia jikoni. Anasimama nyuma ya mkewe, anamwambia moto umezidi, nyanya hazijaiva, mbona sufuria hii na siyo ile. Miaka saba, baba. Shangazi ameapa. Anasema mwanamume asiye na hobi humgeuza mke wake kuwa hobi, na yeye harudii tena, hata aletewe nani."

Mzee Magembe akaelewa kwamba maisha yake yaliyobaki yananing'inia kwenye neno asilolijua. "Na hobi yenyewe," akauliza kwa sauti ya chini, "wewe kwa uelewa wako ni nini?"

"Kumbe hujui."

"Ninajua. Nataka nione kama na wewe unajua."

"Ni kitu unachopenda kufanya, baba," Kabula akasema, na hapo hapo akaitwa kwenda kunawisha wageni.

Basi alirudi Gwata na robo ya maana. Usiku alilala vizuri tu, lakini Jumatatu asubuhi aliamka na ule mzigo. Kama kawaida, kabla hajanywa chai, alijaza ndoo na kumpelekea maji Pensheni.

Pensheni ni ng'ombe. Mama Kabula, marehemu, ndiye aliyempa jina hilo alipokuwa ndama. Alisema watumishi wa serikali wana yao ya uzeeni, na sisi yetu ndiyo hii. Sasa Pensheni ni mzee kupita kiasi na macho yake yote mawili yana ukungu. Wenzake wakitoka na wana wa Mzee Magembe kwenda malishoni, yeye anabaki nyumbani, na mzee humshikia ndoo puani, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu ndoo ikiwekwa chini anaipiga teke. Wakati anakunywa, mzee humpa habari za siku, kwa Kisukuma. Asubuhi hiyo alimpa habari za hobi. Pensheni akapuliza maji na hakuchangia lolote.

Saa tatu Mzee Magembe akafika kijiweni kwa madereva wa bodaboda, akamvuta pembeni Rama, kijana wa mjini mjini anayejua kila kitu kilichoingia nchini baada ya mwaka elfu mbili.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Rama, wewe una hobi?"

"Mzee, mimi hobi yangu mpira."

"Unacheza?"

"Sichezi. Naangalia, halafu nabishana."

"Wanakulipa?"

"Nalipa mimi. Kibandani kwa Saburi kuna kiingilio."

"Timu yako ikishinda unapewa nini?"

"Hakuna. Ikifungwa ndiyo balaa, siku mbili sili vizuri."

Mzee Magembe akamhurumia. Kijana analipa ili aingie mahali pa kukasirishwa. "Nani amekulazimisha?"

"Hakuna, mzee. Hobi hulazimishwi. Unafanya bure, mzuka tu."

"Na ng'ombe je? Mimi napenda ng'ombe."

Rama akacheka hadi akashika usukani. "Mzee, ng'ombe siyo hobi. Ng'ombe wanakuweka mjini, hiyo ni kazi. Tafuta nyingine."

Lilimuuma, nakiri. Mtu anapoambiwa kwamba kitu anachokipenda kuliko vyote hakihesabiki, anajiona kama ameishi bila risiti. Lakini alikuwa mtu wa utafiti, kwa hiyo Jumanne alikwenda shuleni kwa mwalimu Justa, anayefundisha Kiingereza, akamkuta anasahihisha madaftari. Justa alifurahi kuulizwa swali na mtu anayetaka jibu. Akafungua kitabu na kumsomea orodha: kusoma, kuogelea, kutembea kwa miguu, kukusanya stempu.

"Stempu zipi?"

"Za barua."

"Barua si zimekwisha, mwalimu?"

"Zimekwisha, lakini kwenye mtihani zipo."

"Na huku kutembea. Unatembea kwenda wapi?"

"Huendi popote, mzee. Unatembea, halafu unarudi."

"Kufuata nini?"

"Hufuati kitu."

Mzee Magembe akauliza kama ni lazima kubeba fimbo, akaambiwa hapana. Akashukuru. Alipofika mlangoni akageuka. "Na wewe mwalimu, hobi yako ni ipi?"

Justa akatazama rundo la madaftari. "Kulala," akasema. "Ila humu kitabuni hawakuiweka."

Kuogelea alikuondoa mapema. Mahali pekee alipowahi kuona kiumbe akiogelea ni kwenye josho, na waliokuwa wakiogelea walikuwa wanatibiwa kupe. Stempu hazikuwepo. Zilibaki mbili, na Jumatano akaanza na kusoma. Nyumbani kwake kulikuwa na kitabu cha nyimbo, ambazo alizijua zote kwa kichwa, na chupa ya dawa ya kupe yenye maelezo marefu. Akayasoma maelezo yale mara tatu akiwa kwenye kiti chake. Yalikuwa na mambo mazuri kuhusu kunawa mikono, lakini mzuka hakuuona.

Alhamisi akatembea.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Rama na mwalimu Justa, watu wa mjini, hawakulifikiria. Wasukuma waliohamia Pwani walikuja na ng'ombe, na pamoja na ng'ombe walikuja na sheria zao. Ng'ombe wa mtu akipotea, mwenyewe hupiga yowe liitwalo mwano, na kila mwanamume anayelisikia huacha alichoshika, huchukua fimbo na kuingia porini, hata kama jana waligombana na mwenye ng'ombe. Asiyetoka hutozwa mbuzi. Ndiyo maana, ukiwa Msukuma wa makamo, huonekani ukirandaranda porini peke yako, bila fimbo na bila ng'ombe, ukaachwa hivi hivi.

Simoni, jirani yake, alimwona kwa mbali. Simoni ni mtu wa kusaidia. Anasaidia hata pale ambapo msaada ungekaa nyumbani ungekuwa umefanya vizuri zaidi.

"Ngosha," akamwita kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitana, "unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Unafuata nini?"

"Sifuati kitu."

"Na fimbo yako?"

"Sihitaji fimbo."

Simoni akasogea, akashusha sauti kama yuko msibani. "Umepotelewa?"

"Sijapotelewa na kitu chochote. Natembea tu."

Simoni akaitikia kwa kichwa na kumwacha apite. Hakuna mtu katika Gwata yote aliyewahi kutembea tu. Alijua anachokiona: mwanaume mwenye heshima zake amepoteza ng'ombe kwa uzembe, na anaona aibu kupiga yowe. Ijumaa akamwona tena, safari hii ameinama kwenye kichaka akitazama chini. Kwa kweli alikuwa anachomoa mwiba kisiginoni, na alikuwa ameanza kuichukia hobi ile kwa moyo wote. Simoni hakuuliza tena. Kama mwenyewe hawezi kupiga yowe, majirani watampigia.

Jumamosi ikafika. Tangu alfajiri Mzee Magembe alikuwa mbio. Alikuwa ameamua kwamba kutembea hakuwezi kuonyeshwa kwa mgeni aliyeketi, kwa hiyo hobi itakuwa kusoma. Aliazima vitabu vitatu kwa mwalimu Justa. Alifagia uwanja mara mbili, akapiga pasi kaunda suti, akapanga viti viwili na kimeza, juu yake vitabu, soda, na leso safi ya kumfutia mgeni kiti. Wanawe walitoka na ng'ombe. Kutoka upande wa lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, yakasikika mayowe, akadhani ni watu wa shughuli zao. Katika pilika zote hizo alisahau jambo moja ambalo hakuwahi kulisahau kwa miaka minne. Hakujaza ndoo.

Saa tano Rama akamshusha Stellamaris, kisha akaegesha pikipiki chini ya kivuli cha ukuta akisema atamsubiri. Hakuna aliyekuwa amemwomba asubiri. Stellamaris akasalimia, akaketi, akanywa soda robo, akatazama huku na huku.

"Iko wapi?"

"Ndiyo hii," Mzee Magembe akasema, akaokota kitabu cha juu. "Nasoma."

"Unasoma nini?"

Alikuwa hajaangalia. Ilikuwa Sayansi, darasa la sita. "Mmeng'enyo wa chakula," akasema.

"Kumbe. Umefika wapi?"

"Kwenye utumbo mpana."

"Unakufurahisha?"

"Sana. Nina hamu ya kujua unaishia wapi."

Stellamaris alifanya kazi wodini miaka thelathini na moja. "Baba Kabula," akasema taratibu, "mimi najua unakoishia."

Akakichukua kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza penye muhuri wa shule na jina la mwalimu Justa. Akakifunga, akakiweka mezani, akakinyoosha kilingane na vingine. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyeshapima presha hii kabla na anajua majibu. Akavuta mkoba wake mapajani. Mzee Magembe aliona mkono ule unavyoshika mkanda wa mkoba, akajua anaaga.

Ndipo uwanja ukajaa wanaume. Walikuwa kama ishirini na tano, wenye fimbo na rungu, wametapakaa matope hadi magotini, na mbele yao Simoni akiwa ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwa Pensheni, tope tupu, anatetemeka miguu.

"Ngosha," Simoni akasema, "ulituambia hujapotelewa na kitu. Tukakuelewa. Tumemkuta kwenye tope la lambo, amezama hadi tumboni."

Pensheni alikuwa amesubiri ndoo yake. Ilipochelewa, akaifuata harufu ya maji mwenyewe, bila macho, peke yake.

Mzee Magembe alisahau kwamba ana mgeni. Alipiga magoti kwenye tope na kaunda suti yake, akamshika Pensheni mguu mmoja baada ya mwingine kutafuta mahali palipoumia. Akachukua leso ya mgeni, akamfuta macho yale yasiyoona, kwa uangalifu, kuanzia pembeni. Kisha akakimbia, mzee wa miaka sitini na mitatu, akajaza ndoo na kuja kumshikia puani. Pensheni akanywa kwa kishindo. Na kama ilivyo desturi yao, mzee akaanza kumpa habari za siku, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuomba radhi.

Stellamaris hajui Kisukuma. Alisimama na mkoba wake akitazama. Simoni, ambaye ni mtu wa kusaidia, akasogea karibu yake.

"Anamwomba msamaha," akatafsiri kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Anasema amemsahau kwa sababu ya mgeni. Anasema mgeni amekuja. Anasema amevaa kitenge cha kijani, amependeza." Akasikiliza kidogo. "Anasema anampenda huyo mgeni tangu harusini. Sasa anasema kitabu kimemharibia. Anasema alijua kitabu kitamharibia."

Wanaume ishirini na tano wakatazama fimbo zao. Rama akazima redio ya simu yake. Mzee Magembe alikuwa amegeuka na ndoo mkononi, na kama ardhi ingekuwa na mlango angeufungua.

"Huyu ng'ombe anatoa maziwa?" Stellamaris akauliza.

"Mwaka wa sita hajatoa tone."

"Anazaa?"

"Alishaacha."

"Utamuuza?"

"Atakayemnunua atamnunua kwa sababu ambayo sitaki kuisikia."

"Unamshikia ndoo hivyo kila siku?"

"Mara tatu."

"Kwa nini?"

Mzee Magembe akamtazama Pensheni, akitafuta sababu ya maana ya kumpa mtu aliyesoma. "Haoni," akasema. Halikuwa jibu, lakini ndilo alilokuwa nalo.

Stellamaris akanyamaza akisubiri isome. "Baba Kabula," akasema mwishowe, "hobi yako si ndiyo hii?"

"Ng'ombe siyo hobi. Rama amesema ng'ombe ni kazi."

"Mzee, huyo siyo kazi," Rama akasema kutoka ukutani. "Kazi inalipa."

Mzee Magembe akaitua ndoo. Wiki nzima alikuwa akikusanya maana ya neno hili kwa vipande, na sasa vilikuwa vinakaa pamoja. "Kumbe," akasema polepole, "ni jambo unalolifanya kila siku, hulipwi, hulazimishwi, na ukilisahau siku moja roho inakuuma."

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo. Kisha, kwa kuwa siri zake zote zilikuwa zimeshatangazwa na Simoni na hakubaki na cha kupoteza, akasema, "Basi, Mama Evaline, ningependa na wewe uwe hobi yangu."

Kwa mazoea, Simoni akarudia maneno hayo kwa sauti, ingawa yalikuwa ya Kiswahili.

Lilikuwa neno lile lile alilolikimbia Stellamaris. Alisimama wima, mkoba begani, na watu waliokuwa karibu wanasema uso wake haukusomeka kabisa. Mzee Magembe hakuelewa kwa nini kila kitu kimetulia. Kisha akamkumbuka Kabula nyuma ya jiko, akakumbuka sufuria hii na siyo ile, na mwanamume anayemgeuza mke wake kuwa hobi.

"Utakuwa unasimama nyuma yangu jikoni?" Stellamaris akauliza.

"Saa ngapi, mama?" Mzee Magembe akasema, akishangaa kwa dhati. "Huyu anakunywa mara tatu, na kunywa kwake siyo kwa haraka. Halafu lazima nimpe habari."

Stellamaris akaanza kucheka. Alianza kidogo, mabega tu, kisha akacheka hadi akalazimika kuegemea kitu cha karibu, na cha karibu kilikuwa Pensheni. Tope likampaka kitenge chote cha kijani. Hakulifuta. Aliushusha mkoba begani na kuuweka juu ya kitabu cha Sayansi, akaipokea kamba mkononi mwa Simoni, akatazama chini.

"Ndoo imekwisha," akasema. "Kalete nyingine. Mimi nitamshika."